Nilichora sura ya marehemu, familia yake haikumtambua

Mjane aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Asante sana, mwanangu." Halafu akailaza mezani kifudifudi, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Hakunitusi. Hakudai pesa zake. Lakini kama umewahi kukesha siku tatu ukifanya kazi, halafu mwenyewe akaigeuza ili isionekane, unajua hiyo "asante" ilikuwa na uzito gani.

Marehemu alikuwa fundi wa viatu kwenye kona ya mtaa wetu, huku Eastlands, Nairobi. Sote tulimwita Fundi. Viatu vyangu vya shule ya msingi vilipita mikononi mwake, na vya ndugu zangu pia. Alipofariki, bintiye, wakati huo akiwa kidato cha tatu, alikuja kwetu jioni moja. "Si wewe ndiye huchora? Tuchoree daddy, tuibebe mbele ya jeneza."

Nilikuwa nimechora wanamuziki wawili watatu kutoka picha za mtandaoni, marafiki wakanisifu. Basi nikajiona nimeiva. Nikasema elfu tatu, nikapokea elfu moja na mia tano.

Siku ya safari ya kwenda mazishini ocha, binti alibeba picha iliyokuzwa kwenye cyber, ile inayotoka na vidoti vidoti. Yangu ilibaki Nairobi, imechomekwa kati ya kabati na ukuta. Niliiona kwa macho yangu nikisaidia kutoa viti.

Nilitaka kurudisha pesa. Mama akakataa. "Weka tu, kijana wangu. Ulijaribu." Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nikamwambia nitachora nyingine. Akatabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mtoto aliyeahidi kumnunulia gari.

Ilinichukua karibu mwaka mzima. Nikuambie nilichojifunza, kwa sababu najua wewe pia una ile daftari ambayo kurasa za nyuma zimejaa macho, na hujui ni kwa nini ukichora uso mzima unatoka kama wa mtu mwingine.

Kamera ilinidanganya, nami nikanakili uongo

Picha ile niliichora kwa miraba. Ni mbinu ambayo wengi wetu tunaanza nayo: unapiga mistari juu ya picha, unapata vijisanduku, unapiga vijisanduku vingine kwenye karatasi, kisha unanakili kimoja baada ya kingine. Si mbinu mbaya. Wachoraji wameitumia karne na karne kukuza mchoro mdogo uwe mkubwa.

Shida ni kwamba miraba hainakili mtu, inanakili picha. Na picha niliyopewa ilikuwa selfie.

Shika simu karibu na uso wako, ujipige. Kisha mwambie mtu asimame hatua nne au tano nyuma, akupige huku akivuta picha karibu. Linganisha. Ile ya karibu ina pua kubwa, paji limejitokeza, na masikio yamerudi nyuma kama yanaogopa. Sababu ni rahisi: simu ikiwa karibu, pua iko karibu nayo sana kuliko masikio, kwa hivyo pua inaonekana kubwa kupita kiasi. Ukienda mbali, tofauti hiyo inapungua na uso unarudi kuwa ule watu wanaoujua.

Mimi nilinakili ile pua kubwa kwa uaminifu mkubwa. Kila mraba ulikuwa sawa, ila mtu hakuwepo.

Kulikuwa na kosa la pili, na hili lilinichukua miezi kulielewa. Kwenye ile selfie Fundi ameinua kidevu, ametazama mbele, hana miwani. Nani alikuwa amewahi kumwona Fundi hivyo? Alikuwa ameinama juu ya kiatu tangu asubuhi hadi jioni. Sisi tulijua utosi wake. Ukimsalimia, kichwa hakiinuki. Macho ndiyo yanapanda, yanakutazama juu ya miwani.

Nilichora sura yake bila kuchora kichwa chake.

Macho yako katikati. Ndiyo, katikati

Nilianza upya na kioo. Fanya nami, usione haya.

Simama mbele ya kioo. Chukua penseli, iweke wima mbele ya uso. Pima kutoka utosini hadi kwenye macho, kisha kutoka machoni hadi chini ya kidevu. Kwa mtu mzima, vipimo hivyo viwili vinakaribiana sana. Macho yako katikati ya kichwa.

Sasa fungua ile daftari yako. Naweka dau umeyachora juu zaidi, karibu na nywele. Nilifanya hivyo mimi, na hufanya hivyo karibu kila anayeanza. Sababu ni kwamba tukimtazama mtu tunatazama macho na mdomo. Paji la uso na utosi haviongei, basi akili inavipunguza. Matokeo yake ni watu wenye nyuso ndefu na vichwa vilivyokatwa juu kama yai la kuchemsha.

Vipimo vingine vya kuanzia ni hivi. Upana wa kichwa kikitazamwa kutoka mbele ni kama macho matano yaliyopangwa mstari mmoja, na kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja. Kutoka pale nywele zinapoanzia hadi kwenye nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, na kutoka hapo hadi kidevuni, ni sehemu tatu zinazokaribia kulingana. Masikio yanakaa kati ya mstari wa nyusi na mstari wa chini ya pua. Mstari unaotenganisha midomo uko karibu na pua kuliko na kidevu.

Lakini hizi si sheria za trafiki. Ni wastani. Mtoto mchanga macho yake yako chini ya nusu, ndiyo maana mtoto ukimchora kwa vipimo vya mtu mzima anatoka kama mzee mfupi. Na vitabu vingi vinasema upana wa pua unalingana na nafasi iliyo kati ya macho. Nenda kapime pua za nyumbani kwenu kwanza. Wengi wetu tunapita hapo, na hakuna kasoro. Kipimo kinakusaidia kuona mtu ametofautiana nacho wapi, na hapo kwenye tofauti ndipo sura yake ilipo.

Kinyozi alinifundisha kisogo

Baada ya wiki kadhaa nilikuwa naweza kuchora uso uliotazama mbele na ukakaa sawa. Ukigeuka kidogo tu, kila kitu kinaanguka. Jicho moja linahamia shavuni, sikio linapotea.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikutarajia: kinyozi. Siku moja nikisubiri zamu nilitoa daftari. Fikiria vizuri: kinyozi ni darasa la bure. Watu wanakaa kimya dakika ishirini, wametulia, kichwa kinainamishwa, kinageuzwa kushoto, kinageuzwa kulia, na kuna vioo mbele na nyuma. Niliomba ruhusa, nikakubaliwa, ikawa kila Jumamosi asubuhi naenda hata kama sinyoi.

Jumamosi ya tatu kinyozi akachungulia daftari, akacheka. "Kijana, hawa watu wako hawana kisogo. Ubongo umeweka wapi?"

Akanishika kichwa mwenyewe, akanipitisha vidole nyuma ya sikio, akasema, "Sikia hapa. Kichwa si sahani. Hiki ni kitu kinaenda nyuma."

Jaribu. Weka kidole gumba nyuma ya sikio, na kidole kingine kwenye ncha ya pua. Halafu weka gumba hapo hapo, upeleke kidole kingine nyuma hadi kisogoni. Kuna sehemu kubwa ya kichwa huko nyuma ambayo tunaisahau. Ukimtazama mtu kutoka upande, sikio halikai nyuma ya kichwa, linakaa karibu na katikati. Kinyozi anajua hilo kwa mikono kwa sababu anapitisha mashine huko kila siku.

Nilipoenda kutafuta zaidi, nikakuta kuna Mmarekani aliyelifafanua jambo hilo hilo zamani. Andrew Loomis alikuwa mchoraji wa magazeti na matangazo, na mwaka wa 1956 alitoa kitabu kiitwacho *Drawing the Head and Hands*. Hadi leo wanaojifunza wanaanza na njia yake. Inaenda hivi:

Chora duara, lakini lifikirie kama mpira. Kata kipande cha upande wa mpira kwa mawazo, kama unavyokata kipande cha upande wa chungwa, ubaki na duara dogo bapa. Hapo ndipo upande wa kichwa, kwenye panja. Zungusha mstari katikati ya mpira. Huo ni mstari wa nyusi. Piga mstari mwingine wa wima mbele, ugawe uso mara mbili. Kutoka nyusi hadi juu ya lile duara dogo ni pale nywele zinapoanzia. Shusha kipimo hicho hicho kutoka nyusi kwenda chini, upate chini ya pua. Kishushe tena, upate kidevu. Sasa unganisha taya kutoka kidevuni hadi kwenye duara dogo. Gawanya duara hilo kwa mstari wa wima, sikio likae nyuma yake.

Bado hujachora jicho hata moja, lakini tayari una kichwa kinachotazama mahali.

Uzuri wa mpira ni kwamba unazungushwa. Mtu akiinamisha kichwa, ile mistari inapinda kwenda chini kama tabasamu, utosi unaonekana zaidi, macho na pua vinashuka, na masikio yanaonekana kupanda. Akiinua kichwa, mistari inapinda juu kama upinde, masikio yanashuka, na unaona chini ya kidevu. Nilipoelewa hilo, nilimkumbuka Fundi mara moja. Masikio yaliyopanda. Mistari iliyopinda chini. Huyo ndiye!

Geuza picha juu chini

Kuna zoezi lingine nililolipinga mwanzoni, likaja kunisaidia kuliko mengi. Mwalimu mmoja wa sanaa wa Marekani, Betty Edwards, aliliandika kwenye kitabu chake cha mwaka wa 1979, *Drawing on the Right Side of the Brain*. Anawapa wanafunzi mchoro wa Picasso wa mwanamuziki Igor Stravinsky akiwa ameketi, lakini anaugeuza juu chini, na wao waunakili ukiwa hivyo hivyo.

Ukiona jicho, akili inakimbia kuchora alama ya jicho, ile tuliyojifunza nasari: umbo la samaki lenye duara katikati. Haitazami tena. Lakini picha ikiwa juu chini, hujui unachora nini. Unaona tu mstari unapinda hivi, nafasi nyeusi ina umbo la embe, pembe hii ni kali kuliko ile. Unaanza kuchora kilichopo badala ya unachokijua.

Chukua picha ya mtu usiyemjua sana, igeuze, chora kwa nusu saa bila kuigeuza. Ukimaliza, geuza karatasi. Mimi nilishtuka.

Ukishazoea, utaanza kuona vitu ambavyo ulikuwa ukivipita. Weupe wa jicho si mweupe. Uko kwenye kivuli cha kope ya juu, kwa hivyo ukiuacha mweupe wa karatasi mtu anaonekana ameshtuliwa na polisi. Meno hayachorwi moja moja, la sivyo yanakuwa kama vigae vya bafu. Pua haina mstari kuizunguka. Ina vivuli, na mwanga kidogo kwenye ncha.

Rangi yetu inataka mwanga, haitaki penseli kukandamizwa

Video nyingi za kufundisha kuchora zinaanza na uso wa Mzungu: karatasi nyeupe ndiyo ngozi, wewe unaongeza vivuli kidogo. Ukifuata njia hiyo ukimchora mtu mweusi, utafanya nilichofanya mimi: unachora uso wote kama mweupe, halafu mwishoni unapaka penseli juu yake sawasawa ili "awe mweusi". Uso unakufa. Unakuwa kama umepakwa masizi.

Ngozi nyeusi inaongea kwa mwanga. Angalia mtu aliyekaa karibu na dirisha la matatu saa kumi jioni. Kuna mng'ao kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ukingo wa pua, kwenye mdomo wa chini. Mng'ao huo una kingo kali na unakuambia mfupa umepita wapi.

Kwa hivyo geuza utaratibu. Paka kwanza rangi ya kati mahali pote pa uso, kwa wepesi. Kisha tafuta giza zaidi: chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya mdomo wa chini, chini ya kidevu. Mwishoni toa mwanga kwa kutumia raba. Raba ni kalamu pia. Ikate kwa wembe iwe na ncha, uinue mng'ao mmoja mmoja.

Njia ninayoipenda zaidi ni karatasi ya kaki, ile ya kufunikia vitabu. Tayari ina rangi ya kati. Giza unaweka kwa penseli laini au mkaa, mwanga unaweka kwa chaki nyeupe ya shule. Kwa shilingi chache una uso unaopumua.

Zoezi la kuelewa mwanga: tafuta sarafu ya zamani yenye kichwa cha Mzee Jomo Kenyatta. Zile mpya zilizozinduliwa mwaka wa 2018 zina wanyama, kwa sababu Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Weka ile ya zamani mezani, zima taa, umulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja, kisha zungusha tochi polepole. Uso ni ule ule, lakini kila mwanga unapohama vivuli vinahama na mtu anabadilika. Chora mara tatu, mwanga ukiwa pande tatu tofauti.

Huhitaji pesa nyingi

Nilikuwa nadhani nashindwa kwa sababu sina vifaa. Si kweli. Hivi ndivyo nilivyotumia:

- Penseli tatu: HB ya kupanga mistari, 2B ya vivuli vya kawaida, 6B ya giza. Ukikandamiza HB ili ipate giza, inang'aa na kukwaruza karatasi tu.
- Raba moja nzuri na wembe.
- Karatasi za kawaida za kuchapishia. Nunua nyingi za bei ya chini kuliko chache za bei ghali, kwa sababu ile ya ghali utaiogopa.
- Kipande cha tishu cha kulainisha vivuli. Usitumie kidole. Kina mafuta, yanaacha alama.
- Mkaa wa wachoraji ukiweza. Wa jiko unachora pia, lakini mwingi ni mgumu na unakwaruza.

Na mahali pa kujifunza papo. Kwenye jengo la Kenya National Archives pale Moi Avenue kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Tazama vichwa vya kuchongwa vya Kiafrika humo, uone jinsi mchongaji alivyoamua paji liwe kubwa au macho yawe mistari tu. Halafu kuna kazi za Joy Adamson, yule wa simba Elsa. Kabla ya simba, serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa jamii mbalimbali za Kenya, na Makavazi ya Kitaifa yana nyingi ya picha hizo. Unaweza kubishana na jicho la mkoloni, na ni vizuri ubishane. Lakini tazama jinsi shanga, kichwa na shingo vinavyoshikana.

Jambo moja la heshima: ukimchora mtu ndani ya matatu, kuna anayefurahi na kuna atakayeshuka akidhani unamfanyia uchawi. Ukiweza kuuliza, uliza. Akikataa, funga daftari.

Wiki yako ya kwanza

Mimi nilijiwekea vichwa 100, vyote na tarehe, nusu saa kwa siku. Ukitaka kuanza Jumatatu, fanya hivi:

- Jumatatu: jipime kwenye kioo, chora yai lenye mistari ya vipimo mara kumi. Usichore jicho.
- Jumanne: mipira 20 iliyokatwa upande, kila mmoja ukitazama mahali tofauti.
- Jumatano: weka taya na sikio kwenye mipira hiyo.
- Alhamisi: picha moja juu chini.
- Ijumaa: sarafu na tochi.
- Jumamosi: nenda kinyozi, au saluni, au keti na nyanya akichambua mboga. Vichwa vitano, dakika tano kila kimoja.
- Jumapili: jichore kwenye kioo, uandike tarehe, uifiche. Usiitazame kwa miezi mitatu.

Usifute vibaya vyote. Kichwa changu nambari 1 ni aibu tupu, na ndicho kinanionyesha nimetoka wapi. Na usichukue pesa ya matanga kabla hujafika. Mtu akikulipia mwanamuziki na ukakosea, mtacheka. Akikupa marehemu wake, huna kicheko.

Kumbukumbu ya mwaka

Kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Fundi ilipokaribia, nilimwendea binti nikamwambia sitaki selfie. Nataka picha yoyote aliyopigwa kutoka mbali. Akanitafutia moja ya harusi, Fundi amesimama nyuma ya watu, suti imemzidi mabega. Rafiki mwingine alikuwa na video ya simu ya mtaani, na kwa sekunde mbili hivi Fundi anaonekana nyuma, akiwa kazini. Haikuwa na uso wa kutosha. Ilikuwa na kichwa.

Nikauliza maswali ambayo mara ya kwanza sikuuliza. Alishikaje kichwa akisikiliza? Miwani ilikaa wapi? Mama akafikiria. "Ilikuwa inateleza. Mguu mmoja aliufunga na uzi wa viatu."

Nilianza na mpira, nimeuinamisha. Mistari ikapinda chini. Masikio yakapanda. Utosi nikaupa nafasi yake yote, na ule mng'ao wa jua la saa tisa tuliouona kila siku. Macho niliyaweka mwisho, yakitazama juu ya miwani. Nilitumia karatasi ya kaki. Ilinichukua jioni nne, na jioni ya pili yote niliitumia kwenye taya peke yake.

Nilipoipeleka, mama alikuwa jikoni. Akafuta mikono kwa leso, akaichukua, akasogea mlangoni penye mwanga. Hakusema asante.

"Sikio hili umelifanya kubwa," akasema.

Binti akaja akasimama nyuma yake. "Mum, masikio yake yalikuwa makubwa."

"Hayakuwa hivi."

"Yalikuwa! Si hata mimi ndio niliyarithi? Ona."

"Baba yako alikuwa na masikio ya kawaida. Ni kichwa alikuwa anainamisha."

Waliendelea hivyo, wakibishana juu yake kama mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani. Mimi nilikuwa nimesimama na bahasha mkononi, na hakuna aliyenikumbuka. Baadaye mama akamtuma binti kwa jirani aombe nyundo na msumari.

Sikio, kusema kweli, ni kubwa kidogo. Nimelipima.